Mkwe Aliyeninunulia Taa

Mkwe wangu anajua kompyuta. Hivyo ndivyo wanavyosema Mbale, na mimi sibishani na Mbale, mji ulionilea. Ana duka lake kule Nabuyonga, watu wanapanga mstari mlangoni, na binti yangu akimtaja hurefusha shingo. Lakini kujua kompyuta ni jambo moja na kuitazama ni jambo lingine. Ya kwangu aliijua bila kuitazama hata mara moja, kisha akainunulia vipuri.

Nianze na macho, maana bila macho habari hii haina kichwa wala miguu.

Macho yangu yanakufa. Daktari wa Jinja alinimulika, akataja ugonjwa kwa neno refu, akaona sikuelewa, akalirudia neno lile lile kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Nikamuuliza nitaona hadi lini. Akasema, "Mama, tumia yaliyobaki." Miaka yote aliyosoma, na jibu lenyewe ningeweza kulipata kwa muuza nyanya. Yaliyobaki yanaona vitu vikubwa: ng'ombe, lori, mtu mnene. Herufi za gazeti naziona kama siafu waliokanyagwa. Za simu hata sizizungumzii.

Shule niliiacha darasa la pili. Tulikaa Namatala, baba alilima mpunga bondeni, na mtoto mwenye sauti kali alikuwa na faida zaidi shambani kuliko darasani. Nilifukuza ndege. Mpaka leo, nikimwita kuku wangu hapa Bugembe karibu na Jinja, majirani wanatoka kuona nani kafa. Kusoma nilifundishwa na marehemu mume wangu, askari jela mstaafu, mtu wa kaskazini, nikiwa tayari na wajukuu. Hakujua Kimasaba, mimi sikujua lugha ya kwao, kwa hiyo ndoa yetu yote, mapenzi, ugomvi na watoto sita, tuliiendesha kwa Kiswahili cha kambi. Ndiyo maana naandika hiki. Watu wa hapa wakikisikia wanakumbuka askari na bunduki zao na kufunga milango. Mimi nakumbuka mwanamume akiomba chumvi.

Alinifundisha jinsi alivyofundisha wafungwa. Simama, soma, rudia. Nikikosea alisema, "Mahabusu, anza tena." Nami nilimjibu, "Ndiyo, afande," kwa dharau kubwa ambayo hakuwahi kuitambua, maana wafungwa walimzoesha. Kompyuta aliinunua ofisi moja ilipofungwa na kuuza vitu vyake. Sanduku lake si lile linalosimama kama kabati. Ni jembamba, linalala chini ya meza kama mzee kwenye godoro, na kioo kinakaa mezani. Aliwapigia watu barua za malalamiko, kwa kidole kimoja, na barua zake zote zilianza kwa neno "Kufuatia". Alipofariki aliniachia kiti, redio na hiyo kompyuta. Redio ilikuwa ya kwanza kumfuata.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha namna ya kukuza herufi. Zikawa kubwa kama maharage. Siku ile nilisoma ukurasa mzima bila kumwomba mtu, na tangu siku ile, kila asubuhi baada ya chai, nimekuwa naandika niliyoyaona: mpunga, kambi, wake za maafande na mawigi yao, mfungwa aliyepika vizuri kuliko sisi sote. Hakuna aliyeniagiza. Mtu asinipe pole wala hongera. Ninachosema ni kwamba kioo kile ndiyo karatasi pekee iliyobaki duniani ninayoweza kuisoma. Kikizimika, narudi kufukuza ndege.

Basi kompyuta ikaanza kuchoka. Mwanzoni ilichelewa kidogo tu, kama mtumishi mvivu. Baadaye nilibonyeza herufi, nikaenda jikoni, nikapuliza sigiri, nikarudi, nikaikuta herufi ndiyo inawasili. Nikikuza maandishi zaidi, maana macho nayo yalikuwa yanashuka, kioo kiliganda kabisa, maneno yamekatikia njiani. Nikawa nashindana na vitu viwili vinavyokufa, na sikujua kipi kitatangulia.

Nikapanda gari nikaenda Jinja, kwa Mwislamu mmoja anayeuza vipuri mtaa mkubwa. Duka dogo, limejaa nyaya kama utumbo wa mbuzi. Alikuwa anakula njugu na hakuacha kula.

"Mama, sanduku lako ni la kusimama au la kulala?"

"La kulala."

"Basi usidanganywe na kitu kikubwa. Ongeza RAM, badilisha diski, basi. Utadhani imezaliwa upya."

RAM ni kikadi chembamba ambacho kompyuta hukumbukia kwa muda, kama mtu anayeshika maneno mdomoni kabla ya kuyasema. Diski ndiyo ghala. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile nilimwona tapeli. Mtu anatibu mgonjwa ambaye hajamwona, huku anatafuna. Tena alisema maneno machache, na mimi mtu mwenye maneno machache simwamini, hata mume wangu nilimwamini siku alipolewa akaongea.

"Fundi unaye?" akaniuliza.

"Mkwe wangu. Yuko Mbale."

"Basi ni rahisi. Aje akutengenezee."

"Nimesema mkwe, bwana."

"Sisi katika dini yetu, mama wa mke ni kama mama mzazi. Anaingia, anakaa, anakula, anatengeneza."

"Dini yenu haikuzaliwa mlimani kwetu."

Akacheka, akanipa njugu. Nilizikubali, lakini sikubadilisha mawazo yangu juu yake.

Kwa asiyejua, kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemezani bila mtu katikati. Wakikutana njiani yeye anaingia majanini na mimi natazama upande wa pili kama nimeona nyoka. Mwenye kuvunja mwiko huo hushikwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono, watu wa huku wanauita obuko. Wasomi wanasema ni ushirikina. Sawa. Lakini mkwe wangu anakula kwa mikono yake. Anashika vyuma vidogo kama mbegu za ufuta na kuvichomelea. Mtu wa namna hiyo hachezi na ugonjwa wa kutetemeka, na kwa hilo peke yake nilimheshimu kidogo. Mimi mikono yangu ilishaanza kutetemeka tangu zamani, kwa uzee, ingawa jirani mmoja anasema lazima niliwahi kumshika mkwe fulani gizani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa chumbani kwangu, pembeni ya kitanda, mahali ambapo mkwe hawezi kuingia hata nyumba ikiungua. Mtu ataniuliza, kwa nini hukuipeleka Mbale? Kwa sababu mama mkwe habebi mzigo kuupeleka kwa mkwe. Watu wakikuona unashuka kwenye gari na kitu kizito unaelekea kwake, watasema mahari yanarudishwa, na kabla hujafika mlangoni binti yako ameshaachika. Pia sikutaka maandishi yangu yalale kwa watu. Kwa hiyo kompyuta ilibaki Bugembe, fundi akabaki Nabuyonga, na katikati tukamweka binti yangu na simu.

"Mama, anauliza ina RAM kiasi gani."

"Mwambie ndogo."

"Anasema ndogo. Anauliza ni ya mwaka gani."

"Mwambie baba yako alikuwa hai."

Hivyo ndivyo tulivyochagua vipuri. Swali la sanduku, la kulala au la kusimama, hakuliuliza hata siku moja. Na sababu nimekuja kuijua baadaye, nikaona hata hasira sina, nina kicheko tu cha puani. Kompyuta iko chini ya meza ndogo. Ili niitazame vizuri lazima niiname. Na mkwe hamwambii mama mkwe wake ainame. Hata kwa simu, hata kwa kupitia kwa mke. Akaona adabu inatosha, akakisia. Akachukua vipimo vya masanduku yaliyo dukani kwake, akasema ya mama lazima ni kama haya.

Wakaja siku ya soko. Yeye akakaa barazani, amenipa mgongo, anatazama barabara ya Iganga kama mtu aliyetumwa kuhesabu malori. Mimi nilikaa chumbani nyuma ya pazia. Binti yangu akasimama mlangoni, katikati yetu, akipokea maneno ambayo kila mmoja wetu ameshayasikia. Masanduku yalikuwa mawili makubwa na manne madogo. Moja lilichorwa shujaa mwenye macho ya bluu na upanga. Nikajiuliza huyu naye atakula wapi.

"Mwambie mama hii kadi ya picha itacheza kila mchezo," alisema barazani.

"Mwambie mimi sichezi."

"Anasema hachezi," akasema binti yangu.

"Nimesikia. Mwambie feni zake zina taa. Rangi kumi na sita."

"Mwulize zinamulika wapi."

"Ndani."

"Ndani ya sanduku lililofungwa?"

Lori likapita. Binti yangu akatazama kucha zake.

Hapo niseme nimewajua wanaume wa kila aina. Nimewaona wakiiba, nimewaona wakifungwa kwa kuiba na wengine wakifungwa bila kuiba. Wote nimewaelewa. Ambaye sijamwelewa ni mwanamume anayenunua taa za kumulika giza ambalo hakuna mtu ndani yake. Mwanamke mzee anakwambia, mwanangu, macho yangu yanakufa, nataka kusoma. Unampelekea disko.

Binti yangu akalivuta sanduku langu kutoka chini ya meza, akalifungua kwa bisibisi huku amegeuza uso, maana anaogopa umeme hata ukiwa umezimwa. Vumbi lililotoka humo lilikuwa na nywele za mume wangu, naamini. Akachukua ule ubao mpya, mazabodi wanauita, ubao ambao vipuri vingine vyote hupandwa juu yake, akauweka juu ya sanduku. Ukatokeza kulia na kushoto, kama mtu mnene amepanda bodaboda.

"Haingii," alisema.

"Izungushe," akasema mumewe kwa nje.

"Nimezungusha. Haingii popote. Hili sanduku ni jembamba. Linalala."

Nikamsikia akivuta pumzi. Halafu akasema polepole, "Linalala?"

Nami nikamkumbuka Mwislamu wa Jinja na njugu zake. Yule niliyemwita tapeli aliuliza neno moja, na lilikuwa ndilo. Huyu wa kwetu alinunua kijiji kizima bila kuuliza kama kuna kiwanja. Nikajidharau na mimi, lakini si sana, nilikuwa na wa kudharau karibu.

"Mwambie mama samahani," akasema.

"Mwambie samahani haina herufi kubwa," nikajibu. "Mwambie mimi nataka kusoma. Kuna mtu Jinja alisema RAM na diski tu. Amwulize mwenyewe."

Sasa, RAM alikuwa nayo, kwenye mojawapo ya visanduku vidogo, lakini ilikuwa ya ule ubao mpya. Kila RAM ina pengo dogo ubavuni, na la hii lilikuwa mahali pengine kabisa. Ilibidi itolewe ile ya zamani akailinganishe dukani Jinja. Na diski itolewe, anakili kila kitu kwenye diski mpya kwa kompyuta yake ya mkononi, hapo hapo barazani. Diski mpya ilifaa. Katika mzigo wote ule wa shujaa na upanga, kilichofaa kilikuwa kitu bapa kama sanduku la kiberiti, hakina hata taa.

Nani atoe? Binti yangu alinionyesha kucha zake, ndefu, za zambarau, zimebandikwa jana yake. "Mama, hizi zitakatika." Nikamwambia akae. Nikashuka kitandani, nikapiga magoti, nikainama mwenyewe bila kuambiwa na mkwe yeyote. Macho hayakuona kitu mle ndani, giza na vumbi tu. Nikatumia vidole. Niliwahi kuchagua mawe kwenye mchele wa kambi nzima kwa vidole, taa zimekatika. Kikadi cha RAM nilikichomoa kwanza. Diski niliipata kwa waya zake. Nikaivuta.

Ikawa mkononi mwangu. Nzito, baridi. Miaka minne ya asubuhi zangu. Mume wangu yumo humo, anaomba chumvi. Nilimpa binti yangu nikamwambia, "Mwambie mumeo, hii ikipotea asije hata kwenye mazishi yangu."

"Nimesikia," sauti ikasema barazani, ndogo sana.

Akaunganisha waya, kunakili kukaanza, akamwacha mke wake kuilinda mashine. Akapanda boda kwenda Jinja na kikadi changu cha zamani kwenye mfuko wa shati. Mimi nilikaa nyuma ya pazia kama askari jela, nikisikiliza mashine inavyovuma. Kila ikinyamaza nilimwuliza binti yangu, "Imekufa?" Naye, "Mama, hapana." Nadhani niliuliza mara ishirini. Chakula sikula. Nilijaribu kukumbuka niliyoandika, ili ikipotea niyashike kichwani, nikagundua sikumbuki hata ukurasa mmoja kama ulivyo. Nilikuwa nimeyatoa kichwani nikayaweka kwenye chuma, kama mjinga anayeweka mbegu zote kwenye chungu kimoja.

Akarudi na vikadi viwili. Binti yangu akamwuliza yule Mwislamu alisema nini.

"Alisema, 'Kumbe ndiye wewe.' Akasema mama alimwambia zamani kwamba ni la kulala. Akanipa njugu."

Nyuma ya pazia nilifurahi, nakiri.

Nikapiga magoti tena. Diski mpya iliingia kirahisi. Kikadi kikakataa. Nikasukuma, kikakataa. Nikasukuma zaidi.

"Mama, acha."

Mkwe hakusema "mwambie mama". Alisema "mama". Alikuwa amesikia plastiki inalia, na fundi akisikia plastiki inalia anasahau alikozaliwa.

"Imekataa," nikamwambia.

"Usisukume. Utaivunja. Ipapase. Pengo lake liko wapi?"

"Upande wa dirisha."

"Igeuze."

"Nimegeuza."

"Sasa bonyeza pembe zote mbili pamoja. Kwa viganja, kama unakanda unga. Usiogope."

"Nani anaogopa?"

Ikalia ta, upande mmoja. Ikalia ta, upande wa pili.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mwanangu."

Halafu sote wawili tukasikia tulichofanya. Malori yaliendelea kupita, maana malori hayana mila. Binti yangu akatazama pazia, akatazama baraza, akasema, "Kwa hiyo mimi sasa naweza kwenda nyumbani?"

Kikadi cha pili nilikiweka bila neno la mtu.

Tukaiwasha. Zamani ilihitaji muda wa kuchemsha maharage. Sasa sijakaa vizuri kitini, imefunguka. Nikatafuta maandishi yangu. Yalikuwepo. Nikayakuza yakawa kama maharage, nikayakuza tena yakawa kama mayai, kioo hakikuganda. Ukurasa wa mwisho ulikatikia pale nilipouacha, yule mfungwa mpishi ameinua mwiko. Nikabonyeza herufi moja. Ikaja pamoja na kidole, kabla sijakiondoa. Nikakaa naitazama. Binti yangu akauliza kama nalia. Nikamwambia ni vumbi la baba yake.

Mazabodi, shujaa na disko lake vilirudi Mbale siku ile ile. Nimesikia kijana mmoja wa Nabuyonga amevinunua na amekata dirisha ubavuni mwa sanduku lake ili watu waone taa. Wapo wa kuzitazama, kumbe.

Baada ya wiki, mkwe wangu akatuma kuku. Ndiyo desturi, aliyevunja mwiko hutuma kitu cha kuosha kosa. Kuku mweupe, amefungwa miguu, na ujumbe kwamba mikono yake haijatetemeka lakini ni vizuri kujihadhari. Nilimpigia binti yangu simu. Nikamwambia, "Mwambie mimi kuku sina tatizo nao. Kama anataka kuniosha, kibodi yangu imefutika herufi. Baba yako alizifuta kwa kile kidole chake kimoja. Anitumie kibodi ambayo naweza kuona." Kuku nilimla hata hivyo.

Kibodi ikaja. Nikaifungua, nikaichomeka, na ikawaka. Taa. Chini ya kila kitufe kuna taa, na binti yangu anasema rangi ni kumi na sita. Nilikaa nikitafuta matusi yanayofaa kwa Kiswahili, Kimasaba na ile lugha ya kaskazini ambayo niliishia kujua matusi yake tu. Kisha nikaona herufi M. Nikaona herufi A. Niliziona zote, kila moja imesimama kwenye mwanga wake, na nilikuwa sijaziona chini ya vidole vyangu tangu mwaka mume wangu alipofariki.

Nimeiacha kwenye rangi ya njano. Haya yote nimeyaandika kwayo. Binti yangu akipiga simu huniuliza, "Mama, mume wangu anauliza, kibodi ikoje?"

Ninamwambia inatosha. Zaidi ya hapo hatasikia kitu kutoka kwangu, si kwa simu, si kwa pazia.